Ujamaa: Mali, Jamii na Dola



Mazungumzo yetu ni juu ya ujamaa. Wako wanaousifu na wako wanaoulaani, na wengi wa pande zote mbili hawajausoma. Kuihukumu rai kabla ya kuielewa si insafu. Basi na tuutazame mfano ulio karibu nasi, Azimio la Arusha, lililotangazwa na TANU mwezi Februari 1967.

Ama katika mali, hoja ya wajamaa ni kwamba njia kuu za uchumi zikiwa milki ya wachache, wengi hugeuka watumishi wao. Kwa hiyo Azimio lilitaka ardhi, mabenki na viwanda vikubwa viwe vya wakulima na wafanyakazi, kwa kupitia Serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Mabenki yakataifishwa mwezi ule ule. Viongozi nao wakawekewa masharti: asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, na mume au mke wake alihesabiwa pamoja naye.

Ama katika jamii, msingi ulikuwa usawa wa binadamu na kila awezaye kufanya kazi aishi kwa jasho lake. Mwaka 1970 uliitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 karo ya shule za msingi ikafutwa. Hayo ni mema, na mwenye insafu hayakatai.

Ama katika dola, hapo ndipo penye mtihani. Mali ikiitwa ya wote, hapana budi awepo wa kuisimamia. Je, msimamizi naye husimamiwa na nani?

Mkoani Ruvuma, wakulima walikuwa wamekwisha kuanzisha vijiji vya ujamaa kwa hiari yao, wakiamua mambo yao wenyewe katika chama chao cha maendeleo. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Lakini mwaka 1969 TANU ilikivunja chama kile cha Ruvuma. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi makwao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Basi katika wale wawili waliokabidhiwa mali ya mkulima, Serikali na ushirika, akabaki mmoja, naye ndiye mwenye amri.

Ikisemwa kwamba uchumi ulidhoofishwa na ukame, bei ya mafuta na vita vya Kagera, tutasema: ni kweli, hayo yalikuwepo. Lakini si ukame uliovunja ushirika.

Kisha tuzingatie mwisho wake. Mwaka 1991, kwa lile liitwalo Azimio la Zanzibar, CCM iliyalegeza masharti ya viongozi, wakaruhusiwa hisa, nyumba za kupangisha na kipato zaidi ya kimoja. Mkulima aliondolewa sauti kwanza. Kiongozi akaondolewa sharti baadaye.

Funzo tunaloliona ni hili: mali ikiwa ya umma au ya mtu binafsi, asiyehesabiwa na wenye haki atawadhulumu. Yeyote atakayetuletea mfumo wa uchumi, kabla ya kumsikiliza juu ya mgawanyo wa mali, tumwulize kwanza ni nani atakayemhesabu yeye.