Hata Mjeledi Hawakumpa

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Swala ya Taraweh)



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, na wazazi wetu mliohudhuria. Nimeombwa niseme juu ya kujizuia. Mawaidha ya kujizuia tumeyasikia mengi, kwa hiyo mimi leo nawaletea kisa cha mawindo, kilichopokewa na Bukhari na Muslim.

Ni mwaka wa 6 Hijria, mwaka wa Hudaybiya. Masahaba wako njiani kwenda Makka, wamehirimia Umra. Mwenye ihram hawindi mnyama wa nchi kavu. Samaki wa baharini ruhusa, lakini paa au punda mwitu, hapana. Kati yao yuko Abu Qatada (R.A.), ambaye yeye hakuwa amehirimia.

Wameketi wanapumzika, mara punda mwitu huyo anatokea! Nyama ya kulisha kundi zima imejileta yenyewe. Abu Qatada ameinama anashona kiatu chake, hana habari. Wenzake wanatamani sana amwone, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Akainua kichwa mwenyewe, akamwona. Akatandika farasi, akapanda mbio, akasahau mjeledi na mkuki chini. "Nipeni," akawaambia. Wakakataa, wakaapa kwamba hawatamsaidia kwa lolote. Akakasirika, akashuka akavichukua mwenyewe, akamfuata mnyama na kumwangusha.

Nyama ikaliwa, kisha wakaingiwa na shaka: sisi tuna ihram, je, tumefanya sawa? Walipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwauliza kama kuna yeyote kati yao aliyemwamrisha Abu Qatada au kumwashiria mnyama yule. Wakasema hapana. Akawaruhusu kula, na katika riwaya moja yeye mwenyewe alikula sehemu ya mguu wa mbele.

Jamani, tulitazame swali hilo. Hawakuulizwa nani alirusha mkuki, hilo lilijulikana. Waliulizwa kuhusu kidole na ulimi. Kumbe anayeashiria naye ana sehemu yake. Na Suratul Maida, aya ya 94, ilishatueleza kwamba waumini watajaribiwa kwa mawindo yaliyo karibu, yanayofikiwa na mikono na mikuki yao. Mtihani mgumu ni wa kitu kilicho karibu. Kilicho mbali nani asiyeweza kukiacha?

Tuje kwetu Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Lakini mwindaji hafanyi kazi peke yake. Yuko kijana anayepiga simu kusema swala wamepita wapi. Yuko wa pikipiki anayebeba gunia bila kuuliza. Yuko mnunuzi. Kila mmoja atakwambia, "Mimi sikuua." Na kule Garissa wako hirola, ambao dunia nzima wamebaki mia chache tu. Wakazi wa Ishaqbini, Waislamu wenzetu, wamewatengea ardhi yao wapate kuzaana. Ukitaka kujua mnyama huishaje, punda mwitu wa Shamu, aliyekuwa akitembea majangwa ya Shamu na Uarabuni, alitoweka kabisa duniani mwaka 1927.

Saumu yetu nayo ni mtihani wa kitu cha karibu. Maji ni halali na yako mtungini, mkono unafika, na hakuna anayekuona. Tunayaacha mpaka magharibi. Basi kijana anayeweza kuacha maji yake mwenyewe ya halali, atashindwa vipi kuuzuia mkono usimpokeze mwenzake mjeledi, au kidole kisibonyeze simu ya haramu? Tukiambiwa wakali au wachoyo, tustahamili. Masahaba nao walikasirikiwa na mwenzao, na walipoulizwa walikuwa na jibu.

Allah (S.W.T.) atujaalie tuwe na jibu siku hiyo. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.