Makochi ya Mama Aliyelazwa

Wapo siku hizi Dar es Salaam akina mama wanaojipatia riziki kwa kupamba nyumba zinazotafuta mnunuzi. Wanaingiza makochi, mapazia na taa; nyumba ikinunuliwa, wanaondoa vyao. Sasa mama huyo akilazwa hospitali, makochi yako Mbezi na fundi wa mapazia anadai fedha zake, nani atashughulika? Mdogo wake akifika getini ataulizwa, "Wewe nani?"

Dawa ni hati ya uwakilishi, itiwe saini mbele ya wakili angali mzima. Lakini isiandikwe "afanye yote." Hati ya namna hiyo mimi siipendi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Itaje kazi: kuchukua vyombo, kupokea malipo ya wateja, kulipa mafundi. Kuuza samani, hapana. Benki nayo iulizwe mapema kama itaikubali.

Liko jambo watu husahau. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, uwakala hukoma mwenye mali akifariki au akirukwa na akili. Hati hiyo si wosia. Ukitokea msiba, mdogo mtu aiweke kando, makochi yamngoje msimamizi wa mirathi.