Kobe wa Changuu na Uzio wa Moyo



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu wa Nanyuki,

Sisi watu wa mlimani hatuna kisiwa, lakini kisiwa cha Changuu, kule Zanzibar, kina somo letu. Mwaka 1919 walipelekwa huko kobe wakubwa wanne, zawadi kutoka Shelisheli. Wakazaana, kufikia 1955 wakawa kama 200. Kisha wakaanza kuibwa na kuuzwa, hata 1996 wakabaki saba tu! Mwaka huo wakaongezwa wadogo 80, 40 wakatoweka. Ndipo Serikali ikasaidiwa na watetezi wa wanyama kujenga uzio mkubwa. Kufikia 2000 walikuwepo wakubwa 17, wadogo 50 na vitoto 90.

Jiulize: yule mwizi alionwa na nani? Wewe uliyefunga, hata ukiwa peke yako chumbani na maji baridi, hunywi. Kwa nini? Unajua Allah anakuona. Basi saumu ndiyo uzio wa moyo.

Ukikuta kobe katika nyika yetu ya Laikipia, na mtu akakunong'oneza kuwa mnunuzi yupo, mwache kiumbe aende zake. Ni amana, na amana tutaulizwa.

Allah atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.