Vijana Waione Serikali Ikifanya Kazi



Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, kando ya Ziwa Victoria, ikaamua kwamba elimu isitengwe na kazi. Chini ya Azimio la Musoma, kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kufanya kazi kwanza miongoni mwa wananchi, ndipo afikiriwe kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo haupo tena, lakini swali lake lingali hai: msomi atawatumikiaje watu asiowajua?

Swali hilo lazigusa hasa Serikali za Mitaa. Mwanafunzi hukariri kwamba, kwa Ibara ya 146 ya Katiba, madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hukariri, hujibu mtihani, hupata alama. Lakini akitimiza miaka 18 huwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji chake, ilhali pengine hajauona hata mmoja.

Yafaa, basi, wanafunzi wa kidato cha tano mkoani Mwanza waandamane na watumishi wa Halmashauri kazini kwa siku kadhaa. Mmoja amfuate Mtendaji wa Kata, aone jinsi ugomvi wa mpaka wa kiwanja unavyosikilizwa. Mwingine afike alfajiri Mwaloni Kirumba, katika Manispaa ya Ilemela, aone dagaa wakiuzwa na ushuru ukilipwa. Kisha aifuate shilingi hiyo hadi kwa Mweka Hazina, na hadi Baraza la Madiwani linapojadili bajeti. Hapo ndipo atakapouliza: zahanati ya mtaani kwetu imepata nini?

Wako watakaosema kwamba wanafunzi watawapotezea watumishi muda, na kwamba mafaili yana siri. Siri za kweli zipo, kama cheti cha mgonjwa, nazo zilindwe. Lakini mapato na matumizi ya fedha za wananchi si siri. Mtumishi anayeogopa macho ya mwanafunzi ana jambo la kuwaeleza wananchi.

Historia nayo inafundisha. Mwaka 1972 Serikali za Mitaa zilivunjwa, na madaraka yakashikwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Zile za wilaya zikaanza tena mwaka 1984, kwa sheria za mwaka 1982. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Fundisho ni wazi: chombo ambacho wananchi hawakifahamu hakina wa kukitetea siku kinapoondolewa.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi; yahitaji nia. Wakurugenzi wafungue milango, na walimu wapange zamu. Mwanafunzi asigeuzwe tarishi wa kubeba chai na kufagia ofisi. Apewe nafasi ya kuuliza, na aandike aliyoyaona. Kisha ayasome darasani mbele ya mtumishi aliyemfuata, naye mtumishi ajibu. Samaki hukunjwa angali mbichi. Na raia anayejua kuuliza hesabu akiwa shuleni hatanyamaza atakapokuwa mkutanoni.