Rangi Mpya kwa Pikipiki Iliyopauka



Jua letu halina huruma kwa plastiki. Mionzi yake huidhoofisha rangi taratibu, hata kava za ubavuni na madigadi yaliyokuwa mekundu yakaonekana kama yamepakwa majivu. Kwa anayeishi kwa bodaboda, hilo si suala la urembo tu: abiria huitazama bodi kabla ya injini, na mnunuzi hushusha bei kwa sababu ya rangi peke yake. Ndiyo maana wengi hununua kopo moja, wakapuliza jioni, na baada ya majuma machache rangi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Fedha imepotea, na kazi ya kuanza upya ni kubwa kuliko ile ya awali.

Kabla ya kununua chochote, fanyeni jaribio lisilo na gharama. Osheni bodi kwa sabuni, kisha imwagieni maji. Ikiwa rangi ya asili inarejea bodi inapolowa, mara nyingi ni sehemu ya juu tu iliyochakaa, na dawa ya kung'arishia yaweza kutosha. Isiporejea, au ikiwa imepasuka, ndipo kupaka upya kunapohitajika.

Pili, ijueni plastiki yenu. Tazameni upande wa ndani wa bodi. Mara nyingi pamechapwa herufi. Iliyoandikwa ABS hupokea rangi kwa urahisi. Iliyoandikwa PP huikataa, hivyo sharti itanguliwe na dawa maalumu ya kuishikiza rangi kwenye plastiki.

Mfikapo dukani, kagueni tarehe ya mwisho wa matumizi, maelekezo yanayosomeka na kifuniko kisichofunguliwa. Praima, rangi na vanishi ziwe zinazopatana, ikiwezekana za mtengenezaji mmoja. Daini risiti na muitunze, kwani bidhaa ikiwa mbovu, risiti ndiyo shahidi wenu.

Katika kazi yenyewe, fungueni bodi kutoka kwenye pikipiki. Zisugueni kwa msasa wa maji namba 400, kisha 600, hadi mng'ao uishe. Zisuuzeni, zikauke kabisa, wala msiziguse kwa mikono yenye mafuta. Msimimine thina kali juu ya plastiki, kwani yaweza kuiyeyusha. Pulizeni tabaka nyembamba, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, na kati ya tabaka moja na jingine subirini muda ulioandikwa kwenye kopo. Tabaka moja nene hutiririka, na halikauki vyema.

Sasa tuseme juu ya uhai wenu. Mvuke wa rangi hizi hushika moto. Fanyeni kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na watoto. Kitambaa au barakoa ya kawaida haizuii mvuke. Kinachofaa ni kinyago chenye kichujio cha mvuke. Vanishi nyingi zinazochanganywa na kigumishi zina kemikali iitwayo isosianati, inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Hizo tunawasihi mwachieni fundi mwenye vifaa kamili. Bodi nzuri haifidii pafu lililoharibika.

Msipake rangi taa, viakisi mwanga wala kibao cha namba. Kofia ngumu nayo iacheni ilivyo, kwani viyeyushi vya rangi vyaweza kudhoofisha ganda lake bila dalili kuonekana, na udhaifu huo hujulikana siku ya ajali.

Mwisho, kumbukeni kuwa rangi ya chombo imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Mkirudishia rangi ileile, hakuna tatizo. Mkiamua kuibadili, toeni taarifa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania ili kadi irekebishwe. Pikipiki isiyofanana na kadi yake humtia mwenyewe mashakani anaposimamishwa barabarani, na humkwamisha siku ya kuiuza.

Anayeona kazi hii inamzidi asione haya kumwendea fundi. Amuulize mapema atatumia rangi gani, kwa bei gani, na atafanya nini ikibanduka. Hiyo ni haki ya kila mlaji.