Serikali Ifanye Nini na Wanaoziba Barabara?



Nilipoombwa kuzungumza niliambiwa nichague jambo litakalowafaa vijana bila kuwachosha wazee. Nimechagua jambo ambalo wajukuu zangu hubishana nami kila mara, nalo ni hili: serikali ifanye nini na watu wanaovunja sheria kwa makusudi, mchana kweupe, bila kumpiga mtu, kwa sababu wanaona dunia inazidi kupata joto na wakubwa hawajali?

Wa rika langu mnaukumbuka mgomo wa maharage. Tulikula maharage yenye wadudu muhula mzima, tukaandika barua mbili, zisijibiwe. Asubuhi moja tukakaa chini mbele ya mlango wa bwalo, tukakataa kuingia darasani. Hatukuvunja kioo wala kumtukana mwalimu. Mwalimu Mkuu wa wakati huo alikuja, akatutazama, akasema kila mmoja atafyeka majani siku tatu. Kisha, hata hatujagawiwa mafyekeo, akaomba ufunguo wa ghala, akaenda na kiranja wa chakula kuyaona magunia kwa macho yake. Tulifyeka siku zote tatu. Maharage yalibadilishwa siku ya pili. Kwake yeye kukaa mlangoni kulikuwa kesi moja, na wadudu kesi nyingine, na hakukubali moja iifute nyingine.

Sasa tutazame Uingereza, maana huko jambo hili limefika mahakamani mara nyingi. Mwezi Novemba 2022 watu wa kikundi kiitwacho Just Stop Oil walipanda juu ya vyuma vinavyobeba mabango ya barabara kuu ya M25, ile inayozunguka London. Walifanya hivyo siku nne mfululizo. Madai yao yalikuwa kwamba serikali isitoe leseni mpya za mafuta na gesi. Upande wa mashtaka ulisema magari zaidi ya 700,000 yaliathirika. Watu walikosa mazishi ya jamaa zao, na mgonjwa wa saratani alikosa siku yake ya kumwona daktari. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nawatetea. Mgonjwa yule hakutoa leseni ya mafuta hata moja.

Tarehe 18 Julai 2024 watano waliokutwa na hatia ya kula njama ya jambo hilo walihukumiwa. Mmoja, Roger Hallam, alipewa miaka mitano gerezani, na wenzake wanne miaka minne kila mmoja. Hao hawakuhukumiwa kwa kupanda chuma. Walihukumiwa kwa kupanga, katika mkutano wa mtandaoni. Jaji aliamua kwamba habari za tabianchi si utetezi. Mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufani ilipunguza vifungo hivyo, ikamwachia Hallam miaka minne. Hata baada ya kupunguzwa, kuna wezi wanaofungwa muda mfupi kuliko huo.

Na hapa ndipo penye ajabu. Siku kumi na nne tu kabla ya hukumu ile, tarehe 4 Julai, Waingereza walikuwa wamepiga kura, wakachagua chama kilichoahidi kutotoa leseni mpya za kutafuta mafuta na gesi katika maeneo mapya. Yaani dai la msingi lilikuwa limekwisha kuingia katika sera ya serikali, na waliolidai wakaenda gerezani miaka minne. Maharage yamebadilishwa, na wanafunzi wamefukuzwa shule!

Uingereza haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2006, katika kesi ya watu walioingia kwa nguvu katika kambi ya ndege za kivita kabla ya vita vya Iraki, Lord Hoffmann alieleza jambo ambalo hakimu yeyote angefaa kulijua. Alisema kwamba kuvunja sheria kwa ajili ya dhamiri kuna historia ndefu na yenye heshima nchini mwao, na kwamba kuna namna ya mapatano kati ya pande mbili: anayevunja afanye kwa kiasi na akubali adhabu, nayo polisi na mahakama wajizuie na waitazame dhamiri yake wanapompa adhabu. Mapatano hayo yalilegezwa na sheria mbili mpya. Ile ya 2022 iliweka kifungo kinachoweza kufika miaka 10 kwa kosa la kero kwa umma, na ile ya 2023 ikafanya hata kujifunga kwenye kitu au kwa mwenzako kuwa kosa la pekee.

Uholanzi walifanya vingine. Mwezi Septemba 2023 watu walikaa katika barabara ya A12 huko The Hague siku baada ya siku, wakitaka ruzuku kwa mafuta na makaa ya mawe iondolewe. Siku ya kwanza walikamatwa watu kiasi cha 2,400. Polisi waliwamwagia maji, wakawapakia kwenye mabasi, na wengi wakaachiliwa bila mashtaka. Barabara ikafunguliwa, kesho yake wakarudi. Mwezi Oktoba Bunge likapitisha azimio kuitaka serikali itayarishe njia za kupunguza ruzuku hizo, nao wakasimamisha kuziba barabara kwa wakati ule. Sisemi tatizo lilikwisha, kwani baadaye walirudi. Lakini hakuna aliyefungwa miaka minne ili jambo lisikike Bungeni.

Najua kuna mzee hapa anayetaka kuniambia kwamba ukimsikiliza mwenye kuziba barabara leo, kesho kila mwenye jambo lake ataiziba. Ndugu yangu, kumsikiliza mtu si kumpa anachotaka. Mwaka uliofuata kidato cha pili waligoma wakitaka sinema kila Jumamosi. Mwalimu Mkuu yule yule aliwapa siku tatu za kufyeka, akaenda kutazama hesabu za shule, akarudi akasema hakuna fedha. Hawakupata sinema, wala hawakugoma tena.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Polisi kwanza waifungue njia, hasa ya gari la wagonjwa, bila kuvunja mkono wa mtu. Hakimu amsikilize mshtakiwa hata kama sababu yake haimfutii kosa, ampe faini au kazi ya jamii. Gereza libaki kwa anayechoma, anayepiga, au anayehatarisha maisha ya watu. Na waziri anayehusika afungue ghala.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwezi Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa Kampala katika maandamano kuhusu bomba la mafuta la kilomita 1,443 linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Walishtakiwa kwa kero, kosa tulilorithishwa na Waingereza hao hao. Walikuwa na umri kama wenu mlioketi pale nyuma.

Mwenyekiti ananionyesha saa.