Somo la Redio: Chaneli za Nyumbani katika King'amuzi Chako

Fungueni madaftari yenu. Andikeni tarehe ya leo juu, upande wa kulia. Chini yake andikeni maneno manne: dishi, king'amuzi, kifurushi, leseni. Maneno hayo ndiyo somo letu. Mkiyajua vema, hamtababaishwa na mtu dukani wala ofisini.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wengi wa vijijini wamenunua dishi na king'amuzi, na kila mwezi hulipa fedha ili waone televisheni. Wanaona mpira wa Ulaya, wanaona sinema za nchi za mbali. Lakini wakitafuta habari za nchi yao wenyewe hukuta chaneli chache kuliko walizotazamia. Basi huuliza, "Mbona nalipa, na bado chaneli za nyumbani ni haba?" Swali hilo ni swali la haki. Tena si swali dogo. Wewe mkulima wa alizeti wa Kongwa, au wa mtama wa Bahi, au wa zabibu wa Chamwino, una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa utabiri wa mvua, utausikia katika chaneli za hapa nchini. Hutausikia katika chaneli ya sinema za ng'ambo. Hali kadhalika habari za ugonjwa wa mifugo, bei ya mazao, au kipindupindu kikizuka.

Sehemu ya kwanza: Matangazo hufikaje nyumbani?

Matangazo ya televisheni huja hasa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mnara. Mnara husimamishwa mahali palipoinuka, nao hutupa mawimbi pande zote. Antena yako huyapokea. Lakini mawimbi haya hupenda njia iliyo wazi. Kilima kikiwa katikati, au kijiji kikiwa mbali mno, picha haifiki. Aliye Dodoma mjini hupata picha safi, lakini aliye nyuma ya milima ya Mpwapwa au ya Kondoa huenda asipate kitu.

Njia ya pili ni setelaiti. Setelaiti ni chombo kilichorushwa angani, nacho hukaa juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Safari ya Dodoma mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 450. Basi safari ya kuifikia setelaiti ni kama kwenda Dar es Salaam mara 80. Chombo hiki huzunguka pamoja na dunia, kwa hiyo ukikitazama kutoka hapa ni kama kimesimama mahali pamoja. Ndiyo sababu fundi akishafunga dishi huliacha likitazama upande mmoja tu.

Chunguza madishi ya jirani zako. Utaona mengine yamelala chali yakitazama juu, kama bakuli lililowekwa kukinga mvua. Hayo hutazama setelaiti iliyo nyuzi 36 Mashariki, ambayo kwetu Dodoma iko karibu utosini. Mengine yameinamia magharibi. Hayo hutazama setelaiti iliyo nyuzi 7 Mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea. Basi ukibadili kampuni, mara nyingi ni lazima fundi aje kuligeuza dishi.

Faida ya setelaiti ni kwamba kilima hakiizuii. Kijiji kilicho bondeni hupata picha sawa na mjini. Kwa sababu hiyo mtu wa mbali na mnara hana njia nyingine ila dishi. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

(Mwalimu asimamishe hapa. Wanafunzi waseme ni nani kati yao anayepata picha kwa mnara, na ni nani kwa dishi.)

Sehemu ya pili: King'amuzi kilitoka wapi?

Zanzibar ilianza televisheni mwaka 1973. Tanzania Bara ilikawia. Huku televisheni zilianza mwaka 1994, na zilizoanza zilikuwa za watu binafsi. Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye. Siku hizo mtu alinunua televisheni na antena, akaona picha, basi. Hakulipa kwa mwezi.

Kisha dunia ikahama kutoka mtambo wa zamani, unaoitwa analojia, kwenda mtambo mpya, unaoitwa dijitali. Katika analojia, njia moja ya mawimbi hubeba chaneli moja tu. Katika dijitali, njia ile ile hubeba chaneli nyingi pamoja, kama lori moja linavyobeba magunia ya watu wengi. Lakini magunia yakifika ni lazima yafunguliwe na kupangwa. Kazi hiyo ndiyo kazi ya king'amuzi. Tanzania ilizima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Dodoma ikafuata mapema mwaka 2013.

Hapo watu waliuliza, "Je, sasa hata habari za nchi tutazilipia?" Serikali ilijibu kwamba ziko chaneli ambazo ni lazima zionekane bila malipo ya mwezi. Wakati ule zilitajwa chaneli 5: TBC1, ITV, Star TV, EATV na Channel Ten. Maana yake, kifurushi chako kikiisha, chaneli hizo zisikatwe.

Sasa tufafanue neno kifurushi. Kifurushi ni fungu la chaneli linalouzwa pamoja kwa bei moja. Huwezi kuchagua moja moja, kama vile huwezi kwenda kwa muuza mafungu ya nyanya ukachomoa moja katika kila fungu. Mwenye kampuni ndiye apangaye kitu gani kiingie. Naye hupanga kwa kuangalia gharama zake, kwa maana nafasi katika setelaiti hukodishwa kwa fedha nyingi. Kila chaneli anayoiongeza humlia nafasi.

Sehemu ya tatu: Yaliyotokea mwaka 2018

Sasa tufike kwenye neno la nne, leseni. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, na kila leseni ina mipaka yake. Mwenye leseni ya kuuza soda hana ruhusa ya kuuza dawa. Katika utangazaji, mwenye kutoa leseni ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo kwa kifupi huitwa TCRA.

Mwaka 2018 TCRA iliziagiza kampuni za televisheni ya kulipia kwa setelaiti ziziondoe chaneli za bure za hapa nchini katika ving'amuzi vyao. Kampuni hizo zilikuwa DStv, Azam na Zuku. TCRA ilieleza kwamba leseni za kampuni hizo zilikuwa za chaneli za kulipia tu. Kazi ya kubeba chaneli za bure ilikuwa ya wenye leseni za minara, yaani Star Media, Agape na Basic Transmissions. Tena kulikuwa na malalamiko kwamba chaneli za bure hukatwa pale mtu anapokosa kulipa. Kitu kilichotajwa kuwa ni cha bure kiligeuka kuwa cha kuuzwa.

Pimeni hoja hii, ndugu. Ina ukweli ndani yake. Si haki mtu auziwe kitu cha bure.

Lakini pimeni na upande wa pili. Mwezi Agosti mwaka ule watu walifungua televisheni zao, na chaneli walizozizoea hazipo. Wa mjini aliweza kununua king'amuzi cha pili na antena, akapata chaneli zile kwa mnara. Ilimgharimu, lakini aliweza. Na yule aliye nyuma ya kilima, ambaye mnara haumfikii? Yeye alinunua dishi kwa sababu hana njia nyingine. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda ndiyo iliyomwacha gizani. Watangazaji nao waliumia, kwa maana mwenye kulipia matangazo ya biashara huuliza kwanza, "Wanaokutazama ni wangapi?"

Baadaye kanuni zilirekebishwa, na chaneli za nyumbani zikarudi katika ving'amuzi vya dishi. Basi tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba orodha ya chaneli katika king'amuzi chako haikuandikwa mbinguni. Imeandikwa na watu: kampuni, Mamlaka, na Serikali. Kilichoandikwa na watu chaweza kubadilishwa na watu, wakiombwa kwa hoja.

Sehemu ya nne: Wenzetu walifanyaje?

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu. Marekani, nchi yenye televisheni nyingi, ilikuwa nayo. Kwa miaka mingi mwenye dishi kule aliweza kuona chaneli mamia, lakini stesheni ya mji wake mwenyewe hakuipata kwa urahisi katika dishi. Watu walilalamika kwa wabunge wao. Mwaka 1999 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuziruhusu kampuni za setelaiti zibebe stesheni za mji kwa watu wa mji huo. Tena sheria iliweka sharti, nalo lilianza kutumika mwaka 2002: kampuni ikibeba stesheni moja ya mji, ni lazima ibebe na nyingine za mji huo zinazoomba kubebwa. Isichague tajiri na kumwacha maskini.

Sehemu ya tano: Wewe ufanye nini?

Sasa tuje kwenye kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari lako ufanye mambo manne.

La kwanza, andika orodha ya chaneli za hapa nchini unazozipata sasa. Andika na zile unazozitaka na huzipati.

La pili, kifurushi kikiisha, usizime televisheni kwa hasira. Pitia chaneli moja moja. Andika zipi zimebaki na zipi zimekatwa, na tarehe yake. Huo ni ushahidi, na ushahidi una nguvu kuliko kelele.

La tatu, kabla ya kununua king'amuzi, muulize muuzaji maswali matatu: "Kinatumia dishi au antena? Nisipolipa, chaneli zipi zitabaki? Kijijini kwetu mnara unafika?" Risiti uitunze.

La nne, andika barua. Anza kwa kampuni yako. Wasipojibu, au wakijibu vibaya, peleka malalamiko TCRA. Kwa watu wa huku kwetu, iko ofisi yao ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Liko pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo liliwekwa kwa sheria ya mwaka 2003 ili liwasemee watumiaji kama wewe. Barua ya mtu mmoja ni nzuri. Barua ya darasa zima, yenye sahihi 30, ni nzuri zaidi.

Nakilini barua hii ya mfano:

Darasa la Watu Wazima,
Kijiji cha ...............,
Wilaya ya ...............
Tarehe ...............

Kwa Meneja,

Sisi ni watumiaji wa king'amuzi chenu. Kijiji chetu hakifikiwi na mnara wa televisheni, kwa hiyo hutegemea dishi tu. Tunaomba mtuongezee chaneli hizi za hapa nchini: ............... Tunaomba pia kujua ni chaneli zipi zinapaswa kubaki wazi kifurushi kinapoisha. Tarehe ............... chaneli ya ............... ilikatwa. Tunaambatisha orodha yetu. Tunangoja majibu yenu kwa maandishi.

Sisi wenu,
(Majina na sahihi)

Angalieni namna ilivyoandikwa. Haina matusi, wala haina kubembeleza. Imetaja mahali, tarehe na jambo linalotakiwa. Mtu aliyeisoma hawezi kusema, "Sikuelewa mnataka nini." Tena mwisho imetaka majibu kwa maandishi, kwa sababu neno la mdomo hupotea.

Wako watakaosema, "Sisi watu wa kijijini, nani atatusikiliza?" Msikubali. Fedha ya mtu wa Chemba ina thamani sawa na fedha ya mtu wa Dar es Salaam, na kampuni huzihesabu pamoja. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na haki huanza kwa kujua kuidai.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini kilima huzuia matangazo ya mnara, lakini hakizuii ya setelaiti?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya king'amuzi na kifurushi.
3. TCRA ilitoa sababu gani mwaka 2018? Nani walipata shida zaidi, na kwa nini?
4. Taja chaneli moja ya hapa nchini unayoitaka, na useme itakufaa nini.
5. Andikeni barua ya darasa. Mwalimu aisome kwa sauti, kisha wote watie sahihi.

Asiyejua kuandika jina lake, mwenzake amsaidie leo, ili kesho sahihi yake iwemo katika barua.